Tupeane uzoefu: kijana wako akikujibu mkato unafanyaje?

Mama Wawili, Sakina
Habari za jioni wazazi. Binti yangu yupo kidato cha pili, na siku hizi majibu yake ni "sawa", "sijui" na "kwani vipi?" Ukimwita anasonya kwanza ndiyo anaitika. Juzi nimemtuma aanue nguo, akabamiza mlango mpaka kalenda ikadondoka ukutani. Cha ajabu majirani wanamsifia adabu! Waliopitia hili karibuni, ila ushauri wa fimbo nimeshaupata wa kutosha.

Baba Majengo, Moshi
Pole dada. Wa kwangu alikuwa akirudi shule ni kununa tu. Mama yake akasema kiburi, mimi nikaangalia usingizi wake. Anaamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, simu anaizima saa 6 usiku. Hapo ni masaa 5, wakati umri wa miaka 13 hadi 18 unataka 8 mpaka 10. Na balehe yenyewe inawachelewesha kusinzia, hata umfukuzie kitandani saa 2 atabaki anahesabu mabati. Tulichokubaliana: saa 3 na nusu simu zote sebuleni, yangu ikiwemo (magrupu ya ukoo yalinisema sana), na akirudi shule haulizwi kitu mpaka ale. Malaika hajawa, ila sasa unaweza kumsalimia.

Shangazi Njiro
Usingizi sawa, lakini tusiwadekeze jamani. Kununa ruksa, kusonya hapana. Kwangu ukisonya sigombani, hasa mbele ya wadogo zako. Nanyamaza. Kesho ukitaka nauli ya kwenda kwa rafiki, tunaanzia pale pale uliposonya.

Mama Mtori, Kiboriloni
Mama Wawili, huyo wako ni pacha wa wangu. Nikimkalisha "tuongee" anainamia simu. Jumamosi tunamenya ndizi za mtori, kila mtu na kisu chake, tumejipaka mafuta lakini utomvu umeganda vidoleni, simu haishikiki. Hapo hatutazamani, na hapo ndipo anaongea. Ndiyo nikajua darasani wanamcheka kwa chunusi. Kule anajikaza kutwa nzima, akifika nyumbani yote yanamwagikia kwangu. Ndiyo maana majirani wanaona adabu. Sikumpa hotuba, niliendelea kumenya tu, akaongea mpaka beseni likajaa.

Baba Marangu
Sisi wa bweni je? Wangu tunamwona Juni na Desemba, na wiki ya kwanza hashikiki. Tumeamua wiki hiyo matokeo hayaulizwi, maana ukianza na hesabu umeharibu likizo yote. Desemba tukipanda kwa bibi yake ndiyo mtashangaa, sauti inashuka yenyewe. Bibi hana habari na kununa kwa mtu. Anacheka, anamsemesha Kichaga asichokielewa nusu, kisha anampa panga akakate majani ya ng'ombe.