Bustani ndogo za umma Dar: tupeane uzoefu wa maji, njia na miti

Mleta mada: Wakuu, mnaotunza vibustani vya umma, hivi vya mita za mraba 200 hivi vilivyobanwa kati ya barabara na maduka, tupeane uzoefu. Leteni vipimo.

Mdau wa kwanza: Naanza na maji. Jua likiwa kali, nyasi hutaka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa mita 200, hilo ni simtanki zima la lita 1,000. Kosa la wengi ni kunyunyiza kidogo kila jioni: maji yanaishia juu na mizizi inabaki hukohuko juu. Mwagilia mara tatu kwa wiki, lita 12 kwa mita, alfajiri. Baada ya nusu saa chomeka bisibisi ndefu. Ikizama sentimita 15 bila kugoma, maji yamefika.

Mdau wa pili: Mkuu hapo juu, hujagusa chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ncha za majani zikiungua na udongo ukiweka utando mweupe, usipunguze maji. Mwaga mengi kwa mkupuo yaisukume chumvi chini ya mizizi. Ukipanda upya, nyasi za paspalamu zinavumilia chumvi kuliko ukoka.

Mdau wa tatu: Kibao cha "usikanyage nyasi" hakimzuii anayewahi daladala. Tazama nyasi zilipolala, hapo ndipo pa njia. Upana mita 1.2, watu wawili wapishane. Chimba sentimita 17: moramu 8 iliyoshindiliwa, mchanga 3, pevingi za 6. Bila kabstoni (mawe ya ukingo) pembeni, pevingi zitatawanyika masika ya kwanza tu.

Mdau wa pili: Na njia iinamie kwenye nyasi, sentimita 2 kwa kila mita, maji yasituame.

Mdau wa nne: Miti: fikasi hapana, inanyanyua pevingi na kupasua mabomba. Mwarobaini unatosha. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Mbichi inachoma mizizi. Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, yasiguse shina.

Mleta mada: Na koki?

Mdau wa kwanza: Ya shaba haimalizi wiki, inaibwa. Funga ya plastiki, ndani ya chemba yenye kufuli.