Gemu imemwonyesha mtu nisiyemjua ninapoishi, halafu naambiwa "ni sehemu ya mchezo"

Wakuu, nina hasira.

Nacheza gemu moja ya ramani, zile za kutembea na simu ukiteka ngome mitaani. Ngome iliyo karibu yangu inatazamana na geti la nyumbani. Kila jioni nikitoka kazini naiteka, na jina langu linabaki pale pamoja na saa niliyoiteka. Mchezaji yeyote akiigusa, anasoma.

Juzi mtu tuliyekubaliana urafiki humo ndani kwa ajili ya kutumiana zawadi tu akaniandikia: "Leo umechelewa, kawaida saa mbili kasoro umeshafika." Sijawahi kumwona! Mimi ni mwanamke, naishi peke yangu. Nilizima taa nikakaa gizani hadi usiku wa manane.

Amejuaje? Kila zawadi inabeba picha na jina la mahali ilipookotwa. Zangu karibu zote nimeziokota palepale. Akaunganisha na saa za ngome, kwisha kazi.

Nikawaandikia wenye gemu. Jibu: hiyo ni sehemu ya mchezo, mzuie tu. Nimzuie, na geti ameshalijua?

Na msiniambie nizime lokesheni. Gemu haifunguki bila hiyo. Ile ruhusa ya "wakati wa kutumia programu tu" inazuia programu isikufuatilie ukiwa umeifunga, lakini haimzuii mchezaji mwenzako kusoma kile ambacho gemu imeshakionyesha hadharani kukuhusu.

Wala wasijifanye hawakujua. Julai 2016 kule O'Fallon, Missouri, Marekani, polisi walikamata vijana waliotumia Pokémon GO, gemu ya ramani ya aina hiihii, kuwavizia watu na kuwapora. Mwaka 2013 watafiti walipitia data za simu za watu milioni 1.5 wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 yao. Mimi nimetoa nukta ngapi kwa miezi minane?

Strava, programu ya wakimbiaji, inakuruhusu kuficha eneo la nyumbani kwako. Kwa hiyo linawezekana. Hawa wameshindwa hata kuficha saa!

Ngome nimeiacha. Anayejua namna ya kufuta zawadi zilizokwisha kutumwa anisaidie, maana zote bado ziko kwenye simu ya yule mtu.