Mdogo wangu yuko Uswidi, tangu giza lianze amebadilika kabisa. Naombeni msaada

Mtu_wa_Chake

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Chake Chake, nina mdogo wangu wa kike anasoma Umeå, Uswidi, kaskazini kabisa huko, na huu ni msimu wake wa pili wa baridi. Mwaka jana alisumbuka kidogo, tukasema ugeni na baridi, ilipofika mwezi wa nne akawa mzima anacheka na sie tukasahau. Mwaka huu tangu mwezi wa kumi kaanza tena kuporomoka na safari hii naona imezidi. Analala masaa kumi, kumi na mbili, akiamka bado kachoka, chuo anakosa, meseji hajibu, na chakula ni mikate na biskuti na vitu vitamu tu mpaka kanenepa uso. Jana nimempigia video saa kumi na moja jioni, huku jua bado linachoma watoto wanacheza mpira, kule kwao ni saa tisa alasiri na dirisha nyuma yake jeusi tititi, yuko kitandani na koti lake, uso unaonekana kwa mwanga wa simu tu. Namuuliza una nini ananambia sina kitu kaka, nimezimika tu.

Na huyu ndie alokuwa akituamsha daku nyumba nzima, hana uvivu hata kidogo.

Sasa mama anasema ni kijicho, watu wamemuhusudu kwa kwenda Ulaya, anataka apelekewe kombe, yale maji ya aya za Qur'ani. Ami yangu anasema avumilie tu, kasafiri kutafuta elimu. Mie nimesoma mtandaoni kuwa kuna maradhi ya huzuni yanakuja na giza la msimu. Ni kweli? Yanatibika? Na mie niliopo huku nimsaidie vipi?

Bint_Ngambo

Waalaykum salaam kaka. Ni kweli na pole sana. Nimekaa Stockholm muda mrefu kabla sijarudi Unguja na hayo unayoyaeleza nimeyapitia karibu yote, kulala, mikate, kutojibu simu. Na Stockholm ni afadhali, mwezi wa kumi na mbili unapata mwanga kama masaa sita. Umeå jua linatoka saa tatu na nusu hivi asubuhi na saa nane mchana haijafika limeshazama. Adhuhuri inaingia kabla ya saa sita, ukigeuka Alasiri, ukigeuka Magharibi. Mtu anaingia darasani giza anatoka giza, anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona jua na wala hajui kuwa hajaliona.

Kilichonitoa mie ni taa. Sio taa ya kawaida, kuna taa maalumu za tiba ya mwanga, mwambie atafute iloandikwa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) na isiyotoa UV, ile miale ya jua inayounguza ngozi. Anaiweka mezani mbele yake, pembeni kidogo, kwa umbali uloandikwa kwenye maelezo yake, haiangalii moja kwa moja lakini macho yawe wazi, anakaa nayo nusu saa kila siku asubuhi mara tu akiamka. Mie nilikuwa nikisali Alfajiri nakaa nayo hapohapo na msahafu, baridi Alfajiri ya kule inachelewa kwahiyo sio kazi kuamka. Asitumie usiku, usingizi utaharibika. Na asitegemee miujiza siku ya kwanza, wengi wanaanza kuhisi tofauti baada ya siku kadhaa mpaka wiki mbili, ila akiacha katikati ya baridi hali inarudi.

Na atoke nje mchana hata kama kumefunga mawingu. Watu hawaamini hili lakini taa za ndani ya nyumba mara nyingi hazifiki laksi 500, nje adhuhuri hata kwenye mawingu ni zaidi ya hapo kwa mbali, na theluji inaongeza mwanga. Huku kwetu jua la saa sita linafika laksi laki moja, sasa fikiria mtu kazaliwa na hilo kisha anakwenda kukaa chumbani na balbu moja.

Wenyewe watu wa Umeå wanalijua tatizo, mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji ule iliweka taa za tiba kwenye vituo vya basi watu wapate mwanga wakisubiri basi. Kwahiyo mdogo wako asione aibu, sio yeye peke yake na sio udhaifu.

Kusi_Kaskazi

Mie naona tunakuza mambo. Hiyo ni baridi na upweke tu, watoto wa siku hizi hawana ustahamilivu. Na huku masika mvua inapiga wiki nzima watu wanajisikia vibaya, mbona hakuna anaekimbilia daktari? Asome Qur'ani, ale vizuri, basi.

Muuguzi_Mji_Mkongwe

Ndugu Kusi, kwa heshima zote, hapana. Nimefanya kazi na wagonjwa wa akili na neno "ustahamilivu" linawachelewesha watu mpaka wanaletwa wakiwa hoi. Hii ni sonona, yaani maradhi ya huzuni, kama sonona nyengine, tofauti yake inakuja na kuondoka kwa majira. Imeelezwa kitaalamu tangu 1984 na Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani, na Rosenthal mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika Kusini, alihamia Marekani akaanza kuiona hali hiyo kwake mwenyewe kila baridi ikiingia. Kwahiyo mtu wa nchi ya jua kupigwa na giza la kule sio jambo geni.

Saa ya mwili iko kwenye ubongo na inarekebishwa na mwanga unaopita machoni, hasa wa asubuhi. Mwanga ukikosekana saa hiyo inachelewa, melatonini, yaani homoni ya usingizi, inatoka wakati usio wake, na serotonini inayohusika na mtu kujisikia vizuri nayo inadhaniwa inavurugika. Ndio maana dalili zake zinakwenda kinyume na sonona tuloizoea, badala ya kukosa usingizi mtu analala mno, badala ya kukosa hamu ya kula anataka wanga na sukari. Alivyoeleza mwenye mada ni hivyohivyo, na msimu wa pili mfululizo. Inawapata wanawake zaidi na mara nyingi huanza ujanani.

Na masika ya huku usiyafananishe. Pemba na Unguja urefu wa mchana kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili haupishani hata saa moja. Mvua inachosha ndio, lakini mwanga upo.

Kaka wa Chake, haya ni muhimu zaidi ya taa:

Kabla hajaanza kutumia taa aonane na daktari. Kama ana maradhi ya macho, au anatumia dawa zinazofanya mwili uwe mwepesi kuathirika na mwanga, au kwenu kuna mtu alowahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali, anatapanya pesa, kisha anaanguka kwenye huzuni, aseme. Mtu wa namna hiyo taa inaweza kumpandisha vibaya. Uswidi anapiga 1177, namba ya ushauri wa afya, wanamuelekeza kituo cha afya cha karibu, na chuo nacho mara nyingi kina huduma ya afya kwa wanafunzi.

Pili, muulize wazi kama anawaza kufa au kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndio, usikate simu, apige 112, namba ya dharura ya kule, au rafiki aliopo karibu akae nae mpaka msaada ufike.

Matibabu mengine yapo, dawa za sonona, na mazungumzo na mtaalamu ya kubadilisha fikra na mwenendo. Hayo ya mwisho nayapenda mno kwa sababu Kelly Rohan wa chuo kikuu cha Vermont aliyalinganisha na taa, baridi ya kwanza vyote vilisaidia sawasawa, lakini baridi ya pili mbele yake walopata mazungumzo wachache zaidi ndio walorudiwa. Mtu anabaki na kitu anachokijua kukifanya mwenyewe.

Vitamini D nayo apimwe damu, kaskazini kule wakati wa baridi jua halitoshi ngozi kuitengeneza, na ngozi yetu nyeusi pamoja na nguo za kujistiri ndio zaidi. Ila taa ya tiba haitoi vitamini D, ni mambo mawili mbali.

Na mama msimgombeze. Kombe na dua haviizuii hospitali, mwambieni vyote viende pamoja.

Mtu_wa_Chake

Allah awalipeni kheri nyote. Nimempigia jana usiku nikamuuliza lile suali moja kwa moja. Alilia sana, akasema hataki kufa ila anachoka na kila kitu, na kwamba hakuna alowahi kumuuliza. Mama alikuwa pembeni akasikia, kimya, kisha akachukua simu akamwambia nenda kwa daktari mwanangu, dua niachie mimi. Kuna rafiki yake Msomali wako mtaa mmoja, kakubali kumsindikiza kesho kutwa. Suali langu sasa, mie kwa huku nimpigie saa ngapi? Manake jioni kila siku namkuta kalala.

Bint_Ngambo

Alhamdulillah. Mpigie asubuhi kaka, sio jioni. Saa nne ya Chake kwake saa mbili, ndio wakati anatakiwa awe ameshaamka na taa iko mbele yake, kaeni mupige soga hiyo nusu saa, usimuhoji unajisikiaje kila siku, mpe habari za mtaani, nani kaoa, karafuu zimefika bei gani. Kisha adhuhuri yake rafiki Msomali amtoe nje watembee, hata kama hataki. Wakizoea kuwa wawili haitokuwa tabu.

Muuguzi_Mji_Mkongwe

Naongeza moja tu, jambo hili lina tarehe. Mwakani msingoje mpaka aanguke, mwezi wa tisa aanze na daktari, taa itoke kabatini kabla giza halijakaza. Na baridi hii hata akiona nafuu asiiache taa mpaka jua lirudi vizuri, mwezi wa tatu hivi, daktari wake atamwambia. Tupe habari baada ya kesho kutwa.

Kusi_Kaskazi

Nimesoma yote. Mwambie mdogo wako pole na tunamuombea. Mie nna binamu yuko Norwe, Tromsø, huko jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa mwezi wa kumi na moja mpaka katikati ya mwezi wa kwanza, na yeye pia simu hapokei siku hizi. Namtafuta leo.