Afisa afya kanipa siku 14 nifukie karo langu. Naweza kupinga?

Baba_Wawili
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa haraka, leo ni siku ya tatu sipati usingizi.

Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu, tumehamia sasa ni mwaka wa pili. Mtaa wetu haujafikiwa na bomba la majitaka, kila mtu ana karo lake. Langu nililijenga kwa kujinyima: tangi la septiki lenye vyumba viwili, likitoka hapo maji yanaingia kwenye shimo la kunyonya lililojengwa kwa tofali zenye nafasi. Halijawahi kujaa hata siku moja. Halinuki. Wenzangu mvua ikinyesha wanaita gari la majitaka, mimi nimetulia.

Jumatatu narudi kazini nakuta karatasi imebandikwa getini, ina muhuri mwekundu. Afisa afya anasema nimekiuka sheria ndogo za halmashauri. Ndani ya siku 14 niache kutumia shimo la kunyonya, nilifukie, na nipeleke mchoro wa mfumo mpya. Nisipofanya hivyo, mahakamani. Kwa kweli sioni kosa langu. Huku nyuma kuna watu wana mashimo yamefunikwa kwa mabati, hawajaguswa.

Naweza kupinga? Na kama fundi hakuchukua kibali cha karo wakati ule, naweza kuomba sasa?

Ngurumo_ya_Mbali
Pole mkuu. Usiandike barua yoyote. Nenda ofisini kwake, mwone ana kwa ana, zungumzeni kiutu uzima, yataisha.

Mjumbe_Mstaafu
Ngurumo, ushauri huo ndio umetufikisha hapa. Nimekuwa kiongozi wa mtaa miaka mingi, kesi za majitaka ndizo zilikuwa zinaniamsha alfajiri kuliko za wizi. Mtu anajenga bila kibali, anafukia kabla hajakaguliwa, siku mambo yakiharibika anamtafuta wa kumalizana naye. Ukaguzi unatakiwa ufanyike shimo likiwa wazi. Likishafukiwa, afisa atajuaje kuna nini chini?

Baba_Wawili, kupinga unaweza. Soma notisi yako hadi mwisho, notisi ya namna hiyo kwa kawaida inataja kifungu ulichovunja na mahali pa kukata rufaa. Kifungu ni kipi? Kiandike hapa neno kwa neno.

Bi_Mkubwa_wa_Kona
Jamani mimi nilinunua nyumba, mwenye nyumba akanionyesha karo liko nyuma ya ua. Mwaka mzima najua liko nyuma ya ua. Siku moja sakafu ya jiko ikaanza kutitia, vigae vinapasuka vyenyewe. Kumbe karo la zamani liko chini ya jiko na hawakulijaza, waliweka zege juu tu! Tulikuwa tunapika juu ya shimo. Ukinunua nyumba dai mchoro wa majitaka kabla hujadai hati. Hilo tu nilitaka kusema, pole sana kaka.

Fundi_Chemba
Mimi ni fundi wa kazi hizi. Kuna neno limenikaa vibaya. Unasema shimo halijawahi kujaa, hata mvua kubwa ikinyesha. Hiyo si sifa, mkuu. Mfuko uliotoboka nao haujai.

Naomba majibu ya maswali matatu. Shimo la kunyonya lina kina gani? Wakati wa kuchimba mlikuta maji? Kisima cha karibu kiko wapi?

Baba_Wawili
Fundi kina ni cha kawaida tu. Mimi swali langu ni la kisheria zaidi. Kama nikiomba kibali sasa, wanaweza kukubali kwa kurudi nyuma?

Fundi_Chemba
Kibali kinategemea hayo niliyokuuliza. Nijibu.

Mjumbe_Mstaafu
Mjibu fundi. Na kifungu bado hujakiandika.

Baba_Wawili
Sawa. Kina ni mita 7. Hapo mwanzo tulipanga 3 lakini juu ni mfinyanzi, maji yalikuwa yanasimama, fundi akasema tushuke hadi tupate mchanga. Mita ya 6 ndipo tulipata mchanga, na maji kidogo.

Kifungu kinahusu umbali kati ya shimo la majitaka na chanzo cha maji.

Fundi_Chemba
Maji kidogo kiasi gani?

Baba_Wawili
Yalimfika mchimbaji magotini. Alipanda anatetemeka, alisema ni ya baridi sana. Fundi akafurahi, akaniambia una bahati, hapa hutaita gari maisha yako yote, maji ya chini yatakuwa yanabeba yenyewe. Mimi ningejua nini? Nilimwamini, na kweli halijajaa.

Kisima kipo. Ni cha jirani upande wa bondeni. Hatua 14 kutoka kwenye shimo, jana usiku nimezipima mwenyewe. Lakini naye kisima chake hakina kibali! Mbona hajaandikiwa?

Fundi_Chemba
Hatua 14 ni kama mita 10 au 11.

Nakueleza taratibu kwa sababu naona hukudanganywa kwa makusudi, fundi wako naye aliamini anachosema. Mimi mwenyewe ujana wangu nimechimba mashimo ya hivyo, na hadi leo nikipita mitaa ile nageuza uso.

Tangi la septiki halisafishi maji, linatenganisha tu. Tope zito linazama, mafuta na povu vinaelea, maji ya katikati yanatoka. Ukiyatia kwenye glasi yanaweza kuonekana si machafu sana, ila vijidudu vya choo bado vimo kwa wingi. Kazi ya kusafisha inafanywa na udongo ulio chini ya shimo la kunyonya, tena udongo mkavu wenye hewa, maji yakishuka polepole huku bakteria wa udongo wakiyafanyia kazi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa Sphere, unaotumika kwenye misaada ya dharura, unataka kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na shimo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sheria ndogo za kila mahali zina vipimo vyake, lakini hoja ni ileile.

Wewe udongo huo umeuruka wote. Umeshusha bomba la choo moja kwa moja kwenye maji, na jirani yuko bondeni anachota mita kumi mbele.

Baba_Wawili
Nimekuelewa fundi, lakini nami nielewe. Familia ya watu sita haiwezi kukaa bila choo. Tayari nimeshampata fundi mwingine, nimemlipa nusu, Jumamosi anatoa bomba kutoka kwenye tangi hadi mtaro wa mvua barabarani. Shimo nalifukia kama notisi inavyotaka. Maji yataenda mbali na kisima, kila mtu atapumua.

Nesi_wa_Zamu
Hapana. Hapana kabisa. Mtaro huo watoto wanauruka wakienda shule, mpira ukiingia wanautoa kwa mikono. Umeambiwa sasa hivi kwamba vijidudu bado vimo. Unahamisha ugonjwa kutoka kisima kimoja kwenda kwenye miguu ya mtaa mzima.

Mjumbe_Mstaafu
Na kumwaga majitaka kwenye mtaro wa mvua ni kosa lingine linalojitegemea. Ukifanya hivyo ndani ya siku 14 za notisi, hakimu hatakuelewa.

Baba_Wawili
Mnasema hivyo lakini hamna notisi getini kwenu. Mtaani kwetu nusu ya nyumba zimetoa bomba mtaroni. Hata dereva wa gari la majitaka aliyekuja kwangu mwezi wa pili aliniambia ndiyo njia rahisi.

Msoma_Mistari
Simameni kidogo hapo. Nimeusoma uzi huu mara mbili na nina shaka.

Posti ya kwanza: "wenzangu wanaita gari la majitaka, mimi nimetulia". Sasa kuna dereva alikuja kwake mwezi wa pili. Gari lilifuata nini kwenye karo lisilojaa? Halafu tazameni jinsi taarifa zinavyotoka kidogo kidogo, kila moja ikimchafua mwenye shimo zaidi: mita 7, maji magotini, hatua 14, jirani bondeni. Nani anajiandikia mashtaka hivi?

Mimi nadhani hii ni chai. Au mbaya zaidi, mwandishi ndiye jirani mwenye kisima, anakusanya maneno ya mafundi ili akayatumie.

Ngurumo_ya_Mbali
Aisee! Nami niliona ana haraka ya kutaja bonde.

Bi_Mkubwa_wa_Kona
Mbona mimi nilimpa pole yangu yote. Kaka, wewe ni nani hasa?

Mwalimu_wa_Jiografia
Hata kama ni ya kutunga, jambo lenyewe limeshatokea kweli. London, mwaka 1854, Broad Street. Mtoto mchanga aliharisha, mama yake akafua nepi na kumwaga maji kwenye karo la nyumba. Karo lile lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisima cha pampu ambacho mtaa wote ulikuwa ukichota. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600. Watu walikuwa wanakisifu kisima kile kwa maji yake mazuri. Daktari John Snow alifuatilia vifo, akakuta vimekizunguka, na mpini wa pampu ukaondolewa; baadaye akavichora kwenye ramani. Karo lilipofukuliwa baadaye walikuta tofali zimelegea, uchafu unapenya. Kwa hiyo, Msoma_Mistari, awe jirani au awe mwenye shimo, jibu halibadiliki.

Msoma_Mistari
Linabadilika mwalimu. Mwenye shimo anahitaji kujua afanye nini Jumamosi. Jirani anahitaji kujua asinywe nini leo. Aseme yeye ni yupi.

Baba_Wawili
Mimi ni mwenye shimo. Natamani ningekuwa jirani.

Gari lilikuja kweli, sikulitaja kwa aibu. Mwanangu mdogo alitumbukiza kitambaa chooni, maji yakafumuka kwenye mfuniko wa chemba, sebule nzima ikanuka. Gari lilinyonya tangi, si shimo. Shimo halijawahi kunyonywa, hapo sikudanganya.

Na taarifa zinatoka kidogo kidogo kwa sababu kila mkiuliza ndipo nami naelewa nimefanya nini.

Fundi_Chemba
Mimi namwamini. Kitambaa kinanasa kwenye tii (kiungo chenye umbo la T) ya bomba la kuingilia, tangi linarudisha maji nyuma wakati shimo liko tupu. Mtunzi asingejua hilo.

Sasa Baba_Wawili sikiliza. Jumamosi yule fundi asimame. Na ahadi moja nipe: asiingie mtu ndani ya tangi wala shimo, hata kwa dakika moja, hata kama halinuki. Gesi ya mle ikiwa kidogo inanuka kama yai viza, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, mtu anadhani iko salama. Mwenzangu aliingia kutoa ndoo iliyoanguka. Wa pili akaruka kumfuata. Niliwatoa wote kwa kamba, mmoja hakuamka.

Choo utaendelea kutumia. Ziba bomba linalotoka kwenye tangi kwenda shimoni, tangi libaki limefungwa kama la kuhifadhia, uwe unaita gari kila linapokaribia kujaa. Litakuchosha mfukoni, lakini ni la muda. Mwandikie afisa afya leo kwamba umefanya hivyo na unaomba muda wa kupima udongo. Kisha mfumo mpya usiende chini, uende pembeni: mifereji ya kunyonya ya kina kifupi yenye kokoto, upande wa juu wa kiwanja, mbali na kisima. Mfinyanzi ukigoma kunyonya, inuliwe tuta la mchanga juu ya ardhi. Kupima ni kuchimba vishimo vidogo, kuvilowesha usiku kucha, asubuhi unajaza maji na kuhesabu dakika yanavyoshuka. Pima mbele ya afisa mwenyewe. Shimo la zamani lisifukiwe kwa takataka, muulize yeye lijazwe na nini.

Mjumbe_Mstaafu
Barua iwe na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Hapo huna haja ya kupinga chochote. Unaomba kuongezewa muda huku kosa limeshasimamishwa.

Nesi_wa_Zamu
Nyote mmemjibu kuhusu yeye. Jirani je? Anajua?

Baba_Wawili
Sijui kama afisa alimwambia. Dirisha langu la chumbani linatazama kisima chao. Saa hizi nasikia kamba inashuka.

Nesi_wa_Zamu
Basi funga simu uende. Usingoje barua.

Baba_Wawili
Nimerudi. Nilimkuta mama mwenye nyumba, ndoo iko ukingoni. Nimemwambia yote, mita 7 na maji ya magotini. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kimya, kisha akasema wanachemsha maji tangu mvua za mwaka jana, maana watoto walikuwa hawaishi kuharisha. Ni yeye aliyekwenda kwa afisa afya. Alisema alikuja kwangu mara mbili kabla, akanikuta sipo.

Fundi wa Jumamosi nimempigia, nimemwambia asije.

Nesi_wa_Zamu
Umefanya vema. Swali moja tu: pale kwao kuna mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyweshwa maziwa ya kopo?

Baba_Wawili
Yupo mjukuu. Miezi minne. Mama yake amerudi kazini, anapewa chupa.

Nesi_wa_Zamu
Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi naitreti, kemikali inayotoka kwenye majitaka. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki na kukolea. Kwa mtoto wa umri huo naitreti nyingi inazuia damu kubeba hewa, anaanza kuwa wa buluu midomoni. Chupa yake isitengenezwe tena kwa maji ya kisima hicho, hata yaliyochemshwa, hadi yapimwe. Naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, na bakteria wa kinyesi wasionekane hata mmoja kwenye mililita 100. Wamwombe afisa afya achukue sampuli.

Una maji ya bomba kwako?

Baba_Wawili
Ninayo. Najaza dumu sasa hivi, nawapelekea.