Mbwa Themanini

*Zuhura:* 📷 Nimeikuta kwenye simu ya zamani. Bristol, Uingereza, 2013. Haitham ana miaka mitano, kamng'ang'ania Gromit shingoni

*Shangazi Rukia:* Huyo si mbwa?

*Zuhura:* Wa katuni, shangazi. Wa yule Wallace, mvumbuzi wa kwenye katuni hiyo. Huku wanampenda hadi wazee. Walitengeneza sanamu zake 80 za faibaglasi, wasanii mbalimbali wakazipamba, zikawekwa mitaani tangu Julai mosi hadi Septemba

*Shangazi Rukia:* Themanini!! Mji mzima mbwa 😳

*Baba Mdogo Saidi:* Mie nauliza rangi tu. Mvua ya huko, na watoto wanaparamia. Haikubanduka?

*Zuhura:* Juu kuna vanishi, ba'mdogo. Haitham alipanda mmoja kama punda, mimi ndiye niliyebanduka roho

*Baba Mdogo Saidi:* 😂😂 Bila vanishi wiki haifiki

*Shangazi Rukia:* Na hizo gharama zote za nini?

*Zuhura:* Oktoba walizipiga mnada. Zikapatikana zaidi ya pauni milioni 2.3, za hospitali ya watoto ya Bristol. Ule waliobuni Pixar, wale watengeneza filamu za katuni, peke yake ulikwenda pauni 65,000

*Shangazi Rukia:* Elfu sitini na tano, na mwizi akija habweki

*Shangazi Rukia:* Haya, kama ni za watoto wagonjwa nimenyamaza

*Haitham:* Shikamoo bibi. Mama, mbona husemi ule wa mwisho?

*Shangazi Rukia:* Marahaba mjukuu wangu. Upi huo?

*Haitham:* Tulizunguka likizo nzima na ramani, kila tukimwona mmoja tunaweka alama. Ukabaki mmoja. Mama akasema labda umeibiwa

*Zuhura:* Nilichoka jamani 🙈

*Haitham:* Kumbe uko London! Stesheni ya Paddington. Bristol tuliimaliza bure

*Baba Mdogo Saidi:* Mbwa kapanda treni 😂

*Haitham:* Na ndiyo maana yake babu. Reli ya London hadi Bristol aliijenga mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Basi mbwa huyo wakampa jina Isambark. Bark ni kubweka

*Shangazi Rukia:* Ngoja nivae miwani niione vizuri hiyo picha

*Shangazi Rukia:* Zuhura

*Zuhura:* Abee shangazi

*Shangazi Rukia:* Mbona sioni mdomo?

*Zuhura:* Hana. Ndivyo alivyo, anasema kwa macho na paji la uso

*Shangazi Rukia:* Sasa huyo wa stesheni alikuwa anabweka kwa wapi?

*Baba Mdogo Saidi:* 😂😂😂 Haitham jibu

*Haitham:* Bibi naingia darasani 🏃🏾