Kumleta mama kutoka KIA hadi Columbus daraja la biashara kwa pointi za kadi: inawezekana kweli?

Mchagga_wa_Columbus

Habari za jioni wadau, hasa mlioko Marekani.

Mimi na mume wangu tuko Columbus, Ohio. Natarajia kujifungua mwezi wa nne, mtoto wa kwanza, na mama anatoka Moshi kuja kunilea uzazi. Mama ana miaka 68 na magoti yamemchosha. Akipanda daladala kutoka Marangu hadi mjini tu, anashuka anachechemea. Sasa nikifikiria kumbana kwenye viti vya nyuma usiku kucha kuvuka bahari, moyo unakataa. Nikaangalia nauli ya daraja la biashara kutoka KIA (uwanja wa Kilimanjaro). Nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Kazini kuna dada Mfilipino anasema mama yake alikuja amelala kitandani ndani ya ndege, na alilipa kodi za uwanja tu. Ananielekeza lakini anaenda mbio: mara Chase, mara Amex, mara "hamishia Canada". Canada imeingiaje hapo mimi sijui.

Hatuna deni la kadi, alama zetu za mkopo ni nzuri (wote tumepita 740), na pesa kubwa inaishia kwenye chakula, mafuta ya gari na sasa vitu vya mtoto. Naomba kujua: hii kitu ni ya kweli au ni ya wenye mishahara ya udaktari? Tiketi inaweza kutoka kwa jina la mama wakati pointi ni zangu? Na nianzie wapi?

Dereva_wa_Dulles

Hongera sana mdogo wangu, Mungu akufikishe salama. Ni ya kweli kabisa. Mimi naendesha teksi hapa uwanja wa ndege wa Dulles, Washington, udaktari nausikia kwa abiria, na mama yangu alikuja hivyo hivyo mwaka 2023. Nitakueleza kwa urefu, chukua chai.

Kwanza, tenganisha vitu viwili: pointi za benki na maili za shirika la ndege. Pointi za Chase, Amex, Citi au Capital One zikiwa bado benki, hazina mwenyewe. Unaweza kuzipeleka kwa shirika hili au lile, kwa kawaida pointi moja inakuwa maili moja. Ukishazihamisha, basi. Hazirudi. Ndiyo maana kanuni yangu ni moja: tafuta kiti kwanza, pointi zihame mwisho. Watu wengi hufanya kinyume chake, wanahamisha 100,000 halafu ndipo wanaanza kuuliza "ndege ipo?"

Sasa Canada. Air Canada wana programu ya maili inaitwa Aeroplan. Mama hatapita Canada wala hatapanda ndege yao. Ila Air Canada na Ethiopian wote wako Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege (Ethiopian waliingia mwaka 2011), kwa hiyo maili za Aeroplan zinakata tiketi ya Ethiopian. Chase, Amex na Capital One wote wanahamishia Aeroplan. Na Ethiopian inatua KIA. Umeona kamba inavyofungwa?

Uzuri wa Aeroplan ni kwamba kwenye ndege za washirika kama hao hawaongezi ile tozo ya mafuta inayofanya tiketi ya "bure" igharimu mamia ya dola. Unalipa kodi za viwanja na ada yao ya dola 39 za Canada. Nauli yenyewe wanaihesabu kwa umbali, kwa maili za angani kipande kwa kipande. Nilipomkatia mama, kati ya Afrika na Marekani kaskazini daraja la biashara ilikuwa pointi 85,000 kama safari nzima haizidi maili 8,000, na 100,000 ikizidi. Jedwali lao hubadilika, kwa hiyo lisome tena siku unayokata. Addis hadi Dulles peke yake ni kama maili 7,180. Ongeza KIA–Addis, umeshapita 8,000 kwa uchache tu. Mama yangu alitoka Dar, nikalipa 100,000. Bei ya pesa taslimu siku hiyo ilikuwa imepita dola 3,000 kwa njia moja.

Na hapa kuna kitu kitamu kwako. Kwa kuwa mama tayari kashavuka 8,000, kipande cha Dulles–Columbus kwa United (nao ni Star Alliance) hakiongezi pointi hata moja. Iwekwe yote kwenye tiketi moja. Tiketi moja maana yake ndege ya kwanza ikichelewa, wao ndio wanaotafuta njia nyingine, siyo wewe kuhangaika na simu huku umebeba mtoto.

Kuhusu jina: ndiyo, unamkatia yeyote. Ila andika majina yake kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mama zetu wana jina la ubatizo, la ukoo na la mume, na kila cheti kina mpangilio wake. Mwambie akupigie picha ule ukurasa wa pasipoti akutumie, usiandike kwa kumbukumbu.

Kuanza: Chase Sapphire Preferred, ada yake dola 95 kwa mwaka. Nilipoichukua, bonasi ilikuwa pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Kiwango hupanda na kushuka, soma ukurasa wao siku unayoomba. Chukua wewe, kisha umwalike mume wako kwa kiungo chako naye achukue ya kwake. Kwa hesabu ya wakati ule, bonasi mbili pamoja na pointi za manunuzi yenyewe, mmeshapata kama 128,000, na Chase inaruhusu kuunganisha pointi na mtu mmoja mnayeishi nyumba moja. Msizichukue siku moja. Wewe maliza kiwango chako, ndipo naye aanze, maana chakula na mafuta ni vile vile, havitaongezeka kwa sababu kuna kadi mpya. Kiti cha gari cha mtoto, kitanda, bima ya gari ya miezi sita: vyote vipite kwenye kadi.

Mzalendo254

Dereva amesema ukweli, lakini hapo kwa 85,000 amepita haraka. Nairobi–Addis–Dulles inabaki chini ya 8,000, kama 7,900 hivi. Mathe apande shato (basi dogo) Moshi, apite Namanga, afike JKIA, uwanja wa Nairobi. Umeokoa pointi 15,000. Mimi niko Dallas na watu wangu wote huwakatia kutoka Nairobi.

Pia kuna Kenya Airways, Nairobi mpaka New York bila kusimama, walianza Oktoba 2018. Hao ni SkyTeam, umoja mwingine wa mashirika, kwa hivyo unaangalia maili za Flying Blue ya Air France na KLM ama za Delta. Kiti kikipatikana, mama hahangaiki na kubadilisha ndege Addis.

Dereva_wa_Dulles

Mzalendo, hesabu yako ni sahihi na nakuheshimu. Lakini soma tena swali. Mama wa magoti unampandisha shato kwa mwendo wa saa tano au sita, anashuka mpakani Namanga kugonga muhuri, anapanda tena, kisha Nairobi na foleni yake, ndipo aanze safari ya Marekani? Hilo goti tunalolinunulia kitanda si litakuwa limeshaisha kabla ya ndege kuruka? Halafu 85,000 inaishia Dulles. Ukiweka Columbus inapita 8,000 na unarudi kwenye 100,000 ile ile. Mume wake aendeshe mwendo wa saa sita kuja kumchukua, mke ana mimba kubwa nyumbani? Hapana. KIA ni nusu saa na ushee kutoka Moshi mjini.

Kwa anayekaa huku kwetu na wazazi wako Nairobi, hapo sawa kabisa, Mzalendo ana pointi. (Sikukusudia.)

New York bila kusimama nayo ni nzuri, ila mama bado atatakiwa afike Nairobi, na kutoka JFK, uwanja wa New York, hadi Columbus ni ndege nyingine.

Abuu_Mkunazini

Assalaam alaykum. Mimi niko Minneapolis, nimesoma yote haya kwa hamu, ila swali langu ni la riba. Hizi kadi si ndizo hizo hizo zenye riba? Nimezikwepa miaka yote kwa sababu hiyo.

Dereva_wa_Dulles

Waalaykum salaam kaka. Upande wa kibenki ni huu: ukilipa salio lote la taarifa ya mwezi kabla ya tarehe ya mwisho, hutozwi riba ya manunuzi hata senti. Usitoe pesa taslimu kwa kadi, hiyo inaanza kuhesabiwa riba siku hiyo hiyo. Kuhusu kutia sahihi mkataba ambao ndani yake kuna kifungu cha riba, hata kama hutailipa, masheikh wana kauli tofauti. Muulize unayemwamini, mimi dereva sitoi fatwa.

Na hata kwa asiye Muislamu: riba ya kadi hizi kwa kawaida iko juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Ukibeba deni la dola 4,000 kwa mwaka mzima umelipa zaidi ya dola 800, yaani hicho kitanda cha ndege umekinunua kwa mlango wa nyuma. Anayejijua kwamba hulipa "kiasi cha chini" kila mwezi, huu mchezo si wake, akate tiketi ya kawaida.

Mchagga_wa_Columbus

Kaka Dereva, ubarikiwe. Nimecheka na hilo la Namanga, mama mwenyewe angenikatalia kabla sijamaliza sentensi. Salio tunalipa lote kila mwezi, hapo sina hofu.

Maswali mawili ya mwisho. Moja, nawezaje kuona kama kiti kipo kabla sijahamisha? Mbili, kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza tiketi za biashara kwa maili, dola 1,400 KIA hadi Marekani. Si rahisi zaidi kumlipa huyo?

Dereva_wa_Dulles

La pili kwanza, maana ndilo la hatari. Huyo anauza maili za akaunti yake au za mtu mwingine. Sheria za programu za maili zinakataza kuuza. Shirika likigundua linafuta tiketi, na linaweza kuifuta mama akiwa tayari yuko dirishani KIA na mabegi yake ya ndizi na mbege (utani tu, mbege isifungwe). Kwa kijana wa miaka 25 ni bahati nasibu. Kwa mama wa miaka 68 anayesafiri peke yake, usithubutu.

La kwanza: fungua akaunti ya Aeroplan leo, ni bure, kwa jina lako kama lilivyo Chase. Tafuta kwenye tovuti yao, chagua kulipa kwa pointi, njia moja, KIA inaandikwa JRO. Usitafute tarehe moja, pitia wiki nzima, na Jumanne au Jumatano mara nyingi kuna nafuu kuliko mwisho wa wiki. Ukikiona kiti, nenda tovuti ya United utafute ndege ile ile, tarehe ile ile, kwa maili. Nao huonyesha viti vya Star Alliance. Kikionekana kote kuwili, una uhakika mkubwa. Kikionekana upande mmoja tu, kinaweza kuwa kiti hewa: kipo kwenye skrini, ukibofya kulipa kinayeyuka. Hapo piga simu Aeroplan wakuthibitishie kabla hujagusa pointi zako. Chase hadi Aeroplan kwa kawaida ni dakika chache, kwa hiyo huna haja ya kuhamisha mapema "ili ziwe tayari".

Ukiangalia ndege, angalia pia aina yake. Ethiopian kwenye ndege ya Airbus A350 kiti cha biashara kinalala kikawa kitanda bapa. Na usishangae ndege ya kuja huku ikitua mahali kujaza mafuta. Uwanja wa Addis uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, ndege haiwezi kuruka imebeba mafuta yote ya safari ndefu namna hiyo. Mwambie mama mapema, asije akasimama akidhani amefika Marekani. Mama yangu alishachukua mkoba wake.

Omba pia kiti cha magurudumu, KIA, Addis na Dulles. Ni bure kwa daraja lolote, na anayemsukuma anampitisha foleni ya uhamiaji. Hiyo peke yake kwa magoti inashinda nusu ya mambo niliyoandika.

Kitu kimoja zaidi, kwa ajili ya kurudi kwake. Tangu 2025 Citi wanahamishia American Airlines, na jedwali la American linakata Qatar, Marekani hadi Afrika daraja la biashara, kwa 75,000. Qatar wanatua KIA. Viti vyao ni vya kuviziavizia, lakini wewe mama atakaa miezi kadhaa, una muda wa kuvizia. Mwache Chase amlete, Citi amrudishe.

Mchagga_wa_Columbus

Nimefungua Aeroplan sasa hivi. Wiki ya pili ya mwezi wa tatu kuna Jumatano moja KIA–Addis–Dulles–Columbus, 100,000, na United nao wanaionyesha. Pointi sina hata moja bado! Itakaa?

Dereva_wa_Dulles

Hiyo inaweza kuondoka kesho, usiililie, nyingine hutoka. Hufungua na kufunga hadi wiki za mwisho. Omba kadi usiku huu, kitanda cha mtoto kinunuliwe kesho kwa kadi hiyo ikifika. Na mama aanze suala la viza sasa, maana hiyo ndiyo itakayokuchelewesha kuliko pointi.