Ushauri: nipimeje maendeleo ya kusoma darasa la pili lenye watoto zaidi ya mia?

Mwl_Mwambao: Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha darasa la pili huku Ilemela, Mwanza, kando ya ziwa, na mwalimu wa darasa ni mimi peke yangu. Majaribio ya kila mwezi yananipa alama tu, hayaniambii nani anasoma na nani amekariri. Juzi binti mmoja kanisomea ukurasa mzima bila kusita. Nikaweka kidole kwenye neno "nyavu" katikati ya mstari uleule, akakwama. Ikabidi arudi mwanzo wa sentensi, aiimbe mpaka alifikie. Nataka kujua kila mtoto yuko wapi na amesogea kiasi gani tangu Januari, kabla ya upimaji wa kitaifa wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu). Nifanyeje?

MamaSilabi: Pole na hongera mwalimu. Kwanza, kitabu cha darasani usikitumie kupimia. Tunga aya yako ya maneno kama 60, isiyojulikana na mtu. Wengine wakiandika, keti na mtoto mmoja pembeni, simu ihesabu dakika moja. Hesabu maneno aliyosoma sawasawa, kisha muulize maswali matatu ya alichosoma. Aya ikimshinda, mshushe kwenye maneno, yakimshinda, silabi. Uwezo, wale wa utafiti wa elimu, walipokuwa wakipima watoto majumbani walitumia ngazi za namna hiyo. Watoto watano kwa siku, mwezi wa masomo unawamaliza karibu wote.

Sengerema_Boy: Naongezea. Msichukue viwango vya maneno kwa dakika vya Kiingereza. "Hawakutuletea" kwetu ni neno moja, kwao ni sentensi. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa muhula uliopita, kwa aya ya ugumu uleule. Halafu sisi Wasukuma tunajijua: akisoma "lafiki" na anajua ni nani, hayo ni matamshi ya nyumbani, usimkate alama. Akisoma "rafu" hapo kabahatisha, mkate.

Mzazi wa Kirumba: Walimu, mkimaliza mtuambie na sisi kwa maneno. "Mwanao anasoma silabi, maneno bado" naielewa kuliko 34 kwa 50.

Mwl_Mwambao: Nashukuru sana wakuu. Swali moja: kuna wanaopotea kabisa wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauangazi, dagaa wakitoka wanabaki mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa, kuanika. Niwapime lini?

MamaSilabi: Usiwapime wiki wanayorudi, utaandika kuwa wameshuka kumbe hawakuwepo. Wape wiki mbili. Na kwenye daftari lako weka safu ya mahudhurio pembeni ya ngazi ya kusoma. Mkuu wa shule akiuliza kwa nini mtoto hasogei, muoneshe safu zote mbili.

Mwl_Mwambao: Sawa dada. Jumatatu naanza na wale waliokwama kwenye silabi kama "nywa" na "mbwe". Aya nikishaitunga nitaiweka hapa mniambie kama ni ngumu mno.